ROBINE YA ZAMANI NA PEMBE YA BARUTI

Wengi wenu mumekwisha kuona kule kijijini bunduki ya kizamani, ile inayopakiwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa na risasi, halafu kusukuma yote kwa mdeki. Vijana wengine wanaicheka. Leo sisi wa darasa la ufundi hatutaki kueleza bunduki yenyewe, kwa maana kuitengeneza ao kuibeba kunaomba ruhusa ya serikali, na kazi ile haiko yetu. Tunataka kusema juu ya vile vyombo vidogo vinavyofuatana nayo: kipimo cha baruti, kichwa cha mdeki, sindano ya tundu la moto. Wanaojua kazi wanavitengeneza kwa shaba ya manjano iliyotoka katika vitu vilivyokufa, sawa vile robine, kitasa cha mlango, taa ya petroli. Juu ya nini shaba ile, na si chuma kinacholala kila pahali?

Mbele ya kujibu, tuseme kidogo namna bunduki hii ilivyokawia katika inchi yetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia mkono kwa mkataba wa Bruxelles juu ya biashara ya watumwa. Mkataba ule ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini. Gumegume, ndiyo ile inayowaka kwa jiwe, pamoja na baruti ya kawaida, havikukatazwa. Basi mzungu alibaki na bunduki mpya, na mwindaji wetu alibaki na gumegume, baadaye na bunduki ya fataki. Shaba ya manjano vilevile haikuwa mgeni. Katika siku za Leopold II waya wake, ulioitwa mitako, ulikuwa feza kabisa kando ya mto Kongo. Mfanya kazi alilipwa mitako, na mke wake aliweza kuigeuza bangili.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Vyote viwili viko katika udongo wetu: mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza 1924, ukasimama 1993, ukatoa zinki tena tangu 2024. Sasa, faida zake ni hizi. Chuma kikigonga jiwe kinatoa cheche, na cheche moja inatosha kwa baruti. Shaba ya manjano haitoi cheche namna ile. Tena, baruti ikiungua inaacha masizi yenye chumvi ambayo yanavuta maji ya hewa, na chuma kinakuliwa na kutu kwa usiku mmoja tu. Shaba inageuka rangi lakini haioze. Mwisho, inatii tupa na msumeno bila matata. Moto, lakini, ni moto: chombo cha shaba hakimlindi mtu anayevuta sigara karibu na baruti.

Chombo cha kwanza, na kwetu njo kikubwa kuliko vyote, ni kipimo. Watu wengine wanamwanga baruti toka pembe moja kwa moja ndani ya mtutu. Ni mbaya sana. Kisha mlio wa kwanza, kipande cha kitambaa kinaweza kubaki ndani, kingali na kaa la moto. Baruti ikikigusa, moto unapanda mpaka katika pembe, na pembe yote inapasuka mkononi, karibu na uso. Mwenye kipimo anamwanga kwanza katika kipimo, anafunga pembe na kuiweka kando, halafu ndipo anamwanga katika mtutu. Kaa likiwako, litawasha kipimo kimoja tu. Atachomwa, ndiyo, lakini atabaki na vidole na macho.

Kukitengeneza si nguvu. Kamata kipande cha bomba la shaba la maji, kifunge chini kwa kifuniko chake cha skurubu, kisha yayusha bati kidogo ndani ili chembe za baruti zisijifiche kati ya meno ya skurubu. Kikate kirefu kuliko unavyohitaji, na baadaye upunguze kwa tupa, pole pole. Kukata kupita kipimo hakuna dawa. Hesabu yake ni ya darasa: bomba lenye upana wa ndani wa milimita 12 na kina cha milimita 30 linabeba 0.6 × 0.6 × 3.14 × 3, ndiyo sentimita za ujazo 3.4. Baruti nyeusi isiyoshindiliwa iko karibu na gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Basi tuko na gramu karibu 3.4. Wamarekani, ambao wana chama kikubwa cha bunduki hizi tangu 1933 na kukutana pale Friendship katika Indiana, wanahesabu kwa chembe. Gramu moja ni chembe 15 na nusu hivi, basi kipimo chetu ni chembe 52. Kiasi gani bunduki fulani inavumilia, ile ni neno la fundi wake, si la hesabu yetu. Tena shuleni hakuna haja ya baruti kwa kupima: sirenge ya dispansere pasipo sindano, na maji, inatosha. Ukimaliza, kausha vizuri, lainisha mdomo ndani na inje, ungia waya wa shaba uwe mkono.

Kwa kichwa cha mdeki, mti wa robine, ule unaozunguka ukifungua maji, ni mzuri sana. Unatobolewa mwisho mmoja, ubao wa mdeki unachongwa uingie sawasawa. Gundi peke yake haitoshi. Toboa kupita shaba na ubao pamoja, upitishe msumari mdogo wa shaba, uupige pande mbili. Pasipo msumari ule, siku kitambaa kitakapokwama kichwa kitabaki ndani ya mtutu, na mwenyewe atakuwa na bunduki iliyofungwa, pengine na baruti nyuma yake. Sindano ya tundu la moto ni kazi ya dakika tano: waya uliochongwa ncha. Sindano ya chuma kigumu inapanua tundu kidogo kidogo. Ya shaba inajikula yenyewe.

Usidanganywe na rangi. Robine inayong'aa nyeupe mara mingi ni shaba iliyopakwa juu tu. Jaribu kwanza na sumaku: ikishika, ni chuma. Halafu kwaruza kwa tupa pahali pasipoonekana: manjano mpaka ndani, ni yenyewe, kijivu, ni zinki ya kumwanga, inayovunjika kama biskuti. Shaba ukiipiga nyundo inakuwa ngumu na mwisho inapasuka. Ipashe moto mpaka wekundu wa giza na kuiacha ipoe, hata katika maji, itakuwa laini tena. Kwa chuma cha pua, kukitia majini kukiwa chekundu kunakifanya kigumu, na wengi wanachanganya. Kuyayusha shaba kabisa, hapana: zinki inatoka moshi mweupe, na anayeuvuta anatetemeka usiku sawa mwenye malaria. Nawa mikono vilevile mbele ya kula, kwa maana shaba ya robine mara nyingi ina risasi ndani yake.

Ganda la risasi lililokwisha kulia linafaa pia kuwa kipimo, lakini katika sehemu zilizoona vita tangu 1996 hatukubali mwanafunzi aokote kitu chochote porini kwa kusudi hilo. Kile unachokiona ganda tupu pengine hakiko tupu. Robine mbovu haijaua mtu.

Kwa kusafisha, maji ya moto na sabuni yanaondoa masizi. Shaba ikigeuka kijani, sugua kwa limau na majivu laini, osha, kausha juani, pakaa mafuta kidogo upande wa inje tu. Ndani ya kipimo usipake mafuta, yatashika baruti na kipimo hakitakuwa kweli tena.