Gesi Haiishangi, Inahepanga

Feb ikifika, Kanairo haina huruma, na jam ya Mombasa Road ndio haina kabisa. Ukifungua dirisha unameza moshi ya malori, na kuna majamaa wanapita katikati ya magari wakicheki nani ameshika simu vibaya. Ukifunga, unaiva. Hapo ndio msee wa Toyota 110 anakumbuka vile aliyemuuzia hiyo ndai alimshow: "AC iko fiti, ni gesi tu imeisha."

Hiyo "gesi tu" imekula ganji ya mayut wengi. Shika hii rada: gesi ya AC si petroli. Haichomwi. Inazunguka tu kwa mapaipu, raundi baada ya raundi. Sawa, ndai ya kitambo hupoteza kidogo kidogo kupitia hosi za raba, lakini hiyo ni stori ya miaka. Ikijazwa leo na mwezi ujao unapulizwa joto tena, kuna mahali inahepea, na fundi aliyejaza bila kutafuta hapo mahali amekuchezea.

Form yenyewe iko hivi. Unajua ile pamba ya spiriti nesi anakupakanga kabla ya sindano, mkono inashika baridi? Spiriti ikikauka inabeba joto ya ngozi. R134a, gesi ya AC za gari nyingi tangu katikati ya miaka ya 90, inafanya hivyo ndani ya evaporeta, huko nyuma ya dashibodi. Kompresa inaifinya, kondensa mbele ya rejeta inatupa joto nje, halafu valvu ndogo inaiachilia ipoe tena.

So kabla utoe hata soo, washa AC, fungua boneti, sikiza. Klachi ya kompresa inafaa igonge "tak!" na uso wake uzunguke pamoja na puli. Ikinyamaza, anza na fyuzi na rilei, vitu za bei rahisi. Lakini gesi ikiwa chini sana, swichi ya presha pia huzuia klachi isishike, juu oili ya kompresa husafiri na hiyo gesi. Bila gesi kompresa inajiua. Na wale wa kuunganisha waya moja kwa moja ndio "ishike tu", manze, hao wanakununulia kompresa mpya na pesa yako.

Kama inapuliza baridi ukiwa unakimbia Thika Road, lakini kwa jam inageuka jiko, cheki fani ya kondensa. Ama kondensa yenyewe imezibwa na matope na wadudu.

Fundi anayejua wera huingiza nitrojeni, anapaka maji ya sabuni kwa majointi, anangoja mapovu. Wengine hutumia rangi inayong'aa kwa taa ya UV. Hata wewe unaweza kuona: mahali paipu imeshika mafuta na vumbi, hapo ndio panavuja. Mara mingi ni oringi, karaba ka doh kidogo, mradi iwe ya AC, si ya bomba ya maji. Ikiwa ni evaporeta, pole. Dashibodi yote inashuka, na ndai za kitambo zikirudishiwa dashibodi hupiga kelele kila bampu.

Vakyumu ndio mafundi wa haraka hurukanga. Mfumo ukifunguliwa, draya, ile ya kunyonya unyevu, ibadilishwe, halafu pampu ivute hewa na unyevu nusu saa hivi ama zaidi. Unyevu ukibaki, unatengeneza asidi na oili, ama unaganda kwa valvu. Gesi nayo inapimwa kwa mizani, kwa gramu, vile stika ya chini ya boneti inasema. Msee wa kuguza paipu na kukushow "imejaa hiyo" hajapima kitu. Ikizidi, presha inapanda na baridi inapungua.

Wa Benz W123 ya guka, wewe kesi yako ni tofauti. Hiyo ilizaliwa na R12, gesi iliyotoboa ozoni hadi ikapigwa marufuku kupitia Itifaki ya Montreal ya 1987. Oili yake ya kitambo haielewani na R134a, so usichanganye tu. R134a nayo haiguzi ozoni, lakini kilo moja ikihepa inapasha dunia joto zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksaidi, na ndio maana 2016, hapo Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gesi za aina yake. Fundi akitaka kufungua paipu gesi iende "pssss" hewani, muulize mashine ya kuivuta iko wapi. Na usiweke mkono hapo: inachoma ngozi na baridi.

AC ikishapona, iwashe dakika kumi hivi kila wiki, hata July, oili ifikie sili zisikauke. Na ukipaki uone maji safi inadondoka chini ya ndai, usimpigie fundi. Hiyo ni jasho ya evaporeta.