Pipa la maji botini likinuka, tusilaumu maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wananchi wenzangu, hasa sisi tunaokaa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi, kupita Liuli na Mbamba Bay, hadi mpakani mwa Msumbiji. Ninalotaka kulisema wengi hulifanyia mzaha, lakini si la mzaha hata kidogo. Ni harufu mbaya ya maji ya kunywa katika maboti yetu.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza: Ziwa Nyasa si ni ziwa la maji baridi, yasiyo na chumvi? Kwa nini basi mtu anayeelea juu ya maji abebe maji mengine kwenye pipa? Jibu ni kipindupindu. Ugonjwa huo ulipolipuka nchini Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Kwa jirani zetu wa Malawi, ambao tunachangia nao ziwa hili moja, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700. Tangu hapo tumekuwa tukielimishana kwamba maji ya ziwa yasinywewe yalivyo. Ndiyo sababu baadhi ya maboti yanayobeba abiria, na hata yale yanayokwenda usiku kuvua usipa, yamewekewa pipa au dumu la maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Hayo ni maendeleo, na wenye maboti waliofanya hivyo wanastahili pongezi.

Lakini pipa hilo likikaa miezi michache bila kuangaliwa huanza kunuka. Abiria hufungua koki, husogeza kikombe puani, humwaga. Kisha huinama ubavuni mwa boti na kuchota ziwani. Mara nyingi hufanya hivyo boti likiwa limetia nanga karibu na ufuko, mahali akina mama wanapofulia, watoto wanapooga na ng'ombe wanaponywa. Hapo ndipo hasara ilipo, Ndugu Mhariri. Pipa linalonuka linamfukuza mtu kwenye maji salama na kumrudisha kwenye maji ya hatari. Nimewaona wanafunzi wangu wakifanya hivyo katika safari, na siwezi kuwalaumu, maana hata mtu mzima hawezi kunywa maji yenye harufu ya yai viza.

Dawa zinazotumika kuondoa harufu hiyo ni nyingi, na karibu zote ni za kuificha. Wengine hutia majani ya mchaichai, wengine hukamua limau. Wengine humimina jiki kidogo kila asubuhi, na jioni harufu imerudi. Mzee mmoja mwenye boti aliniambia, "Mwalimu, maji ya siku hizi yameharibika." Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, maji hayana kosa. Tuliangalie pipa."

Ili jambo hili lieleweke, tulifanya jaribio na wanafunzi wa darasa la sita. Tulichukua chupa mbili za plastiki zinazolingana. Moja ilikuwa na utelezi wa kijani ndani, nyingine tuliisugua vizuri. Zote tukazijaza maji yaliyotoka sufuria moja, tukatia dawa ya kutakasa maji kwa kipimo kile kile, tukafunga vifuniko na kuziweka dirishani. Baada ya siku chache tulifungua. Chupa safi haikuwa na harufu. Ile ya utelezi ilinuka. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, maji ni yale yale, chupa ndiyo mbaya." Sina la kuongeza juu ya jibu hilo, ila kueleza sababu yake.

Utelezi unaoushika kwa kidole ndani ya pipa ni makazi ya vijidudu. Vimejenga ukutani, kwenye kifuniko, ndani ya koki na hasa ndani ya mpira wa maji. Ukimwaga maji ukajaza mengine, wenye nyumba hawajahama. Ukitia jiki juu ya utelezi, dawa hupigana na uchafu wa juu juu mpaka nguvu zake zinaisha, na vijidudu vya ndani hubaki salama. Baadhi yao huishi mahali pasipo na hewa, na ndio wanaotoa gesi yenye harufu ya mayai viza.

Tena mapipa mengi yana kosa la ufundi. Koki imefungwa vidole vinne juu ya kitako, kwa hiyo maji ya chini hayatoki kamwe. Ziwa letu lenyewe linatufundisha jambo hili. Kina chake kinapita mita 700, lakini maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na kuanzia kama mita 250 kwenda chini hakuna oksijeni wala samaki hawaishi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa ziwa zima, sembuse pipa la lita 200 ambalo kitako chake hakijaona mwanga tangu liliponunuliwa!

Kabla ya kusafisha, tujue kwanza harufu inatoka wapi. Chota kikombe kimoja kwa juu, kingine kikinge kwenye koki baada ya maji kupita mpirani, ukavinuse nchi kavu mbali na boti. Nasema mbali na boti kwa sababu mara nyingine kinachonuka ni maji yaliyotuama chini ya mbao, ambayo mabaharia wa pwani huyaita maji ya ngama, yakiwa yamechanganyika na usipa waliooza. Kama kikombe cha juu ni kizuri na cha koki kinanuka, ugonjwa uko kwenye mpira. Harufu ya udongo au majani humaanisha mwani umeota kwa sababu pipa linapitisha mwanga wa jua. Na kama ni harufu ya dizeli au petroli, usihangaike kusafisha. Plastiki hunywa mafuta, na dumu lililobeba mafuta halifai tena kwa maji ya kunywa maisha yake yote.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, mwaga maji yote mpaka tone la mwisho, toa koki na mpira. Pili, sugua pipa kwa brashi, sabuni na maji safi, ukianza na kitako, kisha kuta, mdomo na kifuniko. Tusisugue kwa mchanga kama tunavyosugua masufuria, maana mchanga huacha mikwaruzo kwenye plastiki, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya utelezi. Suuza mpaka povu liishe. Mpira uliozeeka ni afadhali kuutupa na kununua mwingine.

Tatu, rudisha koki, jaza maji safi mpaka juu na utie jiki lisilo na manukato. Kwa jiki la nguvu ya asilimia 3.5, pipa la lita 200 linahitaji chupa moja ya soda ya mililita 300. Dumu la lita 20 linahitaji vijiko viwili vya chakula. Soma kibandiko cha chupa, kwani jiki lenye nguvu nyingine lina kipimo kingine. Fungua koki mpaka usikie harufu ya jiki ikitoka mpirani, ndipo ufunge. Andika juu ya pipa kwa herufi kubwa USINYWE, uliache saa 12, yaani usiku kucha. Nne, asubuhi mwaga maji hayo nchi kavu, si ziwani, usuuze mara mbili tatu mpaka harufu ya jiki iishe, kisha uliinamishe kivulini likauke.

Natoa onyo moja. Jiki lisichanganywe kamwe na limau, siki wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Kazi yote ifanyike mahali pa wazi.

Baada ya hapo kulitunza pipa ni rahisi. Tusiongeze maji mapya juu ya ya zamani siku hadi siku. Boti likipumzika, pipa limwagwe na kuachwa likauke. Likae kivulini au lifunikwe kwa turubai, mbali na madumu ya mafuta. Liwekewe kabari ya mbao upande wa nyuma ili liinamie koki na maji ya chini yapate kutoka. Vikombe visichovywe ndani. Maji yakingwe kwenye koki. Na maji yanayotiwa yawe yamechemshwa, au yametiwa dawa ya kutakasa kwa kipimo kilichoandikwa na kungojewa dakika 30, hata kama yametoka kwenye bomba la mserereko linaloteremka toka milimani.

Wenzetu wa meli kubwa walikwisha kuona umuhimu wa jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa usafi wa meli mwaka 1967, na katika toleo la tatu la mwaka 2011 maji yamepewa sura yake nzima. Lakini meli kubwa ina wahandisi. Boti letu la mbao lina nahodha na kijana mmoja wa kukumba maji. Kwa hiyo kazi hii ni yetu wenyewe, na vifaa vyake, yaani brashi, sabuni na chupa ya jiki, vinapatikana katika maduka ya Mbinga na Mbamba Bay.

Kwa hayo, natoa wito kwa wenye maboti waweke siku moja kila mwezi ya kusugua pipa kama wanavyoweka siku ya kuziba nyufa za boti. Serikali za vijiji na vikundi vya usimamizi wa uvuvi viliingize jambo hili katika taratibu za mialo. Wakaguzi wa vyombo vya majini, wanapohesabu maboya ya kujiokolea, wafunue na pipa la maji waingize mkono. Nasi walimu tuwafundishe watoto, maana tangi la mvua la shule lina tabia zile zile za pipa la botini.

Mwisho niwakumbushe wasomaji kwamba pipa lisilonuka si ushahidi kuwa maji ni salama. Kimelea cha kipindupindu hakina harufu wala rangi. Pipa tulisugue ili watu wakubali kunywa, na maji tuyachemshe au tuyatie dawa ili wakinywa wasiugue. Tukifanya moja tukaacha jingine, tutakuwa tumejisumbua bure.



Mwalimu wa shule ya msingi,
Mwambao wa Ziwa Nyasa, Ruvuma.