Je, Wajua? Alimbeba Mtoto Mgongoni kwa Miaka 14

Je, wajua kwamba Pingalwara, makao ya wasiojiweza mjini Amritsar, India, chimbuko lake ni mtoto mmoja? Mwaka 1934, mvulana mwenye ulemavu, wa umri wa miaka minne hivi, alitelekezwa kwenye hekalu la Wasikh mjini Lahore. Bhagat Puran Singh, aliyekuwa akijitolea hapo, alimchukua, akamlea na kumbeba mgongoni kwa miaka 14. India ilipogawanywa mwaka 1947, alikimbilia Amritsar pamoja naye. Huko alianzisha Pingalwara, akawatunza wagonjwa na walemavu waliotupwa barabarani bila kuuliza dini wala tabaka lao. Hakuoa, wala hakujilimbikizia mali. Alifariki mwaka 1992, lakini Pingalwara ingali inawahudumia wanyonge hadi leo. Kweli, utu ni vitendo.