MAFUNDI NA WATEJA WA MTANDAO WA INTANETI: MAMBO YAPASAYO KUFAHAMIKA

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu mafundi wa Unguja na Pemba waliishi kwa kauli hiyo. Seremala aliyechonga mlango mzuri alitajwa barazani, na sifa hiyo ikamletea kazi ya pili na ya tatu bila ya kuitafuta. Hivi sasa mji umetanuka. Mkaazi aliyehamia Fuoni au Tunguu hawajui mafundi wa mtaa wake, na mwenye nyumba ya wageni Nungwi hana baraza ya kuulizia. Wengi wao hutafuta fundi kwa simu. Kwa hivyo, inafaa mafundi bomba, mafundi umeme, waashi, maseremala na wapaka rangi waelewe njia hiyo inavyofanya kazi, faida zake na khasara zake.

UDALALI WA AINA MPYA

Tovuti zinazounganisha mafundi na wateja zinafanya kazi ya udalali. Mwenye haja hueleza ni kazi gani, iko wapi na anaitaka lini. Tovuti huyapeleka maelezo hayo, pamoja na namba yake ya simu, kwa mafundi waliojiandikisha. Malipo huwa ya namna tatu:

(a) Ada ya uanachama, kwa mwezi au kwa mwaka.
(b) Ada kwa kila jina la mteja analopewa fundi.
(c) Kamisheni inayokatwa baada ya kazi kupatikana.

Namna ya pili ndiyo inayohitaji hadhari zaidi. Dalali wa nyumba au shamba hungojea biashara ifungwe ndipo alipwe. Tovuti inayouza majina hulipwa kwa kumtaja mteja tu, kazi ipatikane au isipatikane. Aidha, jina lile lile huweza kuuzwa kwa mafundi kadhaa kwa wakati mmoja.

YALIYOWAFIKA WENGINE

Nchini Marekani, Angie Hicks na William Oesterle walianzisha orodha ya Angie's List mwaka 1995 katika mji wa Columbus. Hapo mwanzo waliolipa ni wenye nyumba, na Bibi Hicks alipita mlango kwa mlango kuwaandikisha. Nchini Uingereza, Checkatrade ilianzishwa mwaka 1998 baada ya kimbunga kuezua mapaa ya mji wa pwani wa Selsey na mafundi wasio waaminifu kujazana hapo. Huko walipao uanachama ni mafundi.

Kampuni nyengine ya Marekani, HomeAdvisor, iliwatoza mafundi ada ya mwaka na tena ada kwa kila jina. Mwezi wa Machi 2022, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya nchi hiyo iliishitaki kwa kuwapotosha mafundi kuhusu ubora wa majina hayo. Tume ilidai kuwa mengi hayakuhusu kazi au eneo alilolichagua fundi, na wengine waliotajwa hawakuwa tayari kuajiri mtu. Januari 2023 kampuni iliamriwa kulipa hadi dola milioni 7.2. Ikiwa hayo yalitokea katika nchi yenye chombo cha kuwatetea wafanyabiashara wadogo, fundi wetu hana budi kujilinda mwenyewe kwa hesabu.

HESABU KABLA YA KULIPA

Tuchukue mfano. Fundi ananunua majina 10 kwa shilingi 5,000 kila moja. Sita hawapokei simu, watatu wameshapata fundi mwengine, na mmoja anampa kazi. Mteja huyo mmoja amemgharimu shilingi 50,000. Ikiwa faida yake baada ya vifaa na nauli ni shilingi 40,000, amefanya kazi na bado amepata khasara ya shilingi 10,000. Bila ya kuandika, hatajua. Ataona fedha zinaingia na kudhani mambo ni mazuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.

YA KUZINGATIA

1. Anza na njia zisizo na malipo. Kuiweka karakana katika ramani ya Google ni bure. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, nayo humwezesha fundi kuonesha picha za kazi na bei zake.

2. Taja eneo na aina ya kazi kwa uwazi. Fundi wa Chake Chake hana haja ya jina la mteja wa Makunduchi.

3. Jibu mapema. Jina likiuzwa kwa wengi, anayepiga simu jioni huwa amechelewa.

4. Weka picha za kazi yako mwenyewe, kwa idhini ya mwenye nyumba. Mwombe mteja aliyeridhika aandike maoni. Usinunue sifa.

5. Cheti cha mafunzo ya amali na usajili wa biashara humpa moyo mteja asiyekujua. Kwa kazi za majengo ya Mji Mkongwe, hakikisha kwanza kuwa kibali cha Mamlaka ya Hifadhi kimepatikana.

6. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Anayejiita mteja kisha akataka umtumie fedha "za uthibitisho" si mteja.

KWA WENYE KAZI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaotafuta fundi kwa simu nao wachukue tahadhari. Ni vyema kwenda kuiona kazi yake ya nyuma, kuandikiana bei na muda, na kulipa kwa awamu kadiri kazi inavyoendelea. Anayedai fedha zote kabla ya kuleta vifaa asikubaliwe.

Wapo mafundi wazee, wenye mikono isiyo na mfano, ambao simu za aina hii hawazijui. Wateja wao wa zamani wanapungua na wapya hawawaoni. Vijana wanaojifunza kazi kwao wanaombwa wawasaidie kupiga picha, kujibu ujumbe na kuweka daftari.