Ndege za Vita na Suala la Masafa

Wakimbizi wengi wa Dzaleka, kaskazini ya Lilongwe, wametoka mashariki ya Kongo. Ndiyo maana habari za Goma husikilizwa pale kwa makini kama zinavyosikilizwa na askari wa Malawi waliokwisha kutumikia huko. Kutoka Lilongwe hadi Goma ni kiasi cha kilomita 1,450 kwa anga. Helikopta ya vita ya Afrika Kusini, Rooivalk, huruka yapata kilomita 700 kwa mafuta yake ya ndani.

Ziko njia kadhaa za kurefusha safari ya ndege ya vita. Ndege ya jeti ikiruka juu sana, ambako hewa ni nyepesi, na kwa mwendo wa wastani, hutumia mafuta machache. Yaweza pia kufungwa matangi ya ziada. Lakini tangi hukalia mahali pa bomu, na uzito wake hula sehemu ya mafuta yale yale iliyoyabeba. Kujaza mafuta angani ni njia ya matajiri. Mwaka 1982 Uingereza ilirusha ndege 11 za mafuta, aina ya Victor, ili Vulcan moja itoke kisiwa cha Ascension na kuufikia uwanja wa Stanley, visiwani Falkland. Kati ya mabomu yake 21, moja tu ndilo lililoipiga njia ya kurukia. Afrika Kusini yenyewe iliziachisha kazi Boeing 707 zake za mafuta mwaka 2007.

Basi hubaki njia ya kuusogeza uwanja karibu na vita. Mwaka 2013 Rooivalk 3 ziliwekwa Goma kuisaidia Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Adui alikuwa karibu, hivyo mafuta yalitumika kukaa juu yake, si kumfuata. Helikopta ilirudi, ikajazwa, ikaruka tena. Mwezi Novemba M23 walishindwa.

Januari 2025 M23 waliuteka mji huo, na uwanja ukafungwa. Malawi ilipoteza askari 3 katika mapigano ya mwezi huo. Majeshi ya SADC yalipoanza kuondoka mwishoni mwa Aprili, yalikwenda kwa barabara, yakivuka Rwanda kuelekea Tanzania.