Chura wa Rungwe na papa pingusi

Shuleni tulifundishwa kwamba chura hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi, nao wakaota miguu. Katika misitu ya mlima Rungwe, mkoani Mbeya, yuko chura asiyefuata somo hilo. Nectophrynoides viviparus, ambaye Mjerumani Gustav Tornier alimtangaza kisayansi mwaka 1905, hazai viluwiluwi. Anazaa vyura wadogo waliokamilika, miguu yote minne. Majike wamewahi kukutwa na watoto zaidi ya 100 tumboni.

Karibu vyura wote duniani hutaga, kwa hiyo wa kulinganishwa naye namtafuta baharini: papa pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, anayevuliwa pwani yetu. Naye huzaa, kati ya watoto 12 na 40 hivi kwa uzao mmoja. Wote wawili hutungisha mimba ndani ya mwili. Papa dume ana viungo viwili maalumu kwenye mapezi ya nyonga. Chura dume hana kiungo chochote, hugandamiza tundu lake kwenye tundu la jike.

Tofauti kubwa iko kwenye malezi ya tumboni. Mtoto wa chura hula kiini cha yai lake mpaka azaliwe. Mtoto wa pingusi huanza hivyo hivyo, kisha kiini kinapokwisha, kifuko chake hushikamana na mfuko wa uzazi na kuwa kondo, lenye kitovu, kama kwetu binadamu. Ukimgeuza papa mchanga sokoni, tazama katikati ya mapezi ya kifuani: utaona kovu la kitovu.

Kwa chura, faida naiona kwenye miteremko mikali ya milima kama Rungwe, ambako dimbwi tulivu ni adimu. Lakini kuzaa hakumwondolei haja ya unyevu. Mto Kihansi, unaoteremka kutoka nyanda za Mufindi, ulipogeuziwa mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yalikatika. Chura wa Kihansi, ndugu wa yule wa Rungwe na mzazi kama yeye, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani. Wazao wao walianza kurudishwa porini mwaka 2012. Pingusi naye yumo hatarini kabisa, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kuchelewa kukomaa.

Mwaka 2025 vinasaba vya vyura waliohifadhiwa makumbusho kwa takriban miaka 120 vilionyesha kwamba walioitwa viviparus ni aina kadhaa. Tatu ni mpya kwa sayansi, na mmoja wa milima ya Udzungwa amepewa jina la Nectophrynoides uhehe.