Nani aliuona Rusizi?

Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, na swali moja likawashika: mto Rusizi, kaskazini kabisa mwa Ziwa Tanganyika, unaingiza maji ziwani au unayatoa? Kama unayatoa, huenda ndio unaolisha Nile. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimwambia Speke kwamba unatoka. Walipofika Uvira, karibu na mto huo, watoto watatu wa mtemi wakasema unaingia. Wapiga makasia waligoma kwenda mbele, wageni wakageuza bila kuuona.

Kwa miaka 13 wasomi wa London wakabishania mto ambao hakuna kati yao aliyeufikia. Burton mwenyewe, pamoja na yote aliyoyasikia Uvira, mwaka 1864 aliandika kutetea kwamba unatoka. Novemba 1871 wasafiri wengine, David Livingstone na Henry Stanley, wakapanda mtumbwi Ujiji, wakaenda hadi mlangoni mwa mto, wakaona maji yakiingia. Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwepo tangu 1858, kwa watu walioishi jirani na mto huo.

Leo pale mwalo wa Katonga, Kigoma, kando ya ziwa hilohilo, kuna swali lingine. Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi 3, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Je, wameongezeka? Picha ya beseni lililofurika dagaa haitoshi kuthibitisha, wala ya mtumbwi uliorudi mtupu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Ukilinganisha usiku wa giza na usiku wa mwezi mpevu, umepima mwezi, hukupima samaki. Uliza basi: picha ilipigwa lini? Mitumbwi mingapi ilitoka? Msimu huohuo mwaka uliotangulia walishusha kiasi gani?

Mvuvi hujiuliza maswali ya namna hii kila jioni kabla ya kutoka. Ajabu ni jinsi tunavyoyasahau ujumbe ukishaingia kwenye simu, au tamko likishatoka ofisini.

TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo Kigoma. Takwimu za samaki wanaoshushwa zibandikwe mwaloni kwa Kiswahili, mwezi kwa mwezi, za kabla ya Mei 2024 na za baadaye, ili mama anayeanika dagaa Katonga azisome, na azipinge pale zisipolingana na mzigo anaoupokea.